Tusiishie kwenye foleni ya basari

Kila muhula ukifunguliwa ni yale yale. Fomu za basari zinatoka, magrupu ya WhatsApp ya mtaa yanachemka, akina mama wanaamka alfajiri kumsaka chifu apige muhuri, imamu au pasta aweke sahihi, mwalimu mkuu naye ajaze sehemu yake. Baadaye cheki inakuja, elfu tatu au elfu tano, na mheshimiwa anapigwa picha akiikabidhi. Sisi tunapiga makofi. Halafu mtoto anafukuzwa shule tena kwa sababu ya salio la karo.

Sisemi basari haina maana. Elfu tano inaweza kumweka mtoto darasani zile wiki za mtihani, na anayeidharau hajawahi kurudishwa nyumbani akiwa kidato cha nne. Lakini pesa zile si za mheshimiwa. Sheria ya NG-CDF inasema mfuko ule upate si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa mapato wa serikali kuu. Ni ushuru wako, ule unaokatwa ukinunua petroli, sabuni na hata bando ya simu. Sasa mbona tunaupokea kama sadaka?

Ukweli ni kwamba basari ni makombo. Chakula chenyewe kiko kwenye sufuria nyingine, na huko vijana hatuonekani.

Chukua Kisauni. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 Mombasa nzima. Ile ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Ni miaka kumi tu hiyo. Katika hao, Kisauni peke yake ilikuwa na watu 291,930, ndiyo kubwa kuliko sehemu zote sita za kaunti. Mvita, ng'ambo ya pili ya daraja, ilikuwa na 154,171. Yaani tunawakaribia mara mbili. Lakini Mvita ni eneo bunge moja na Kisauni ni eneo bunge moja, kati ya yale 290 ya nchi nzima, na mgao wa NG-CDF wa eneo moja na jingine haupishani kwa kiasi hicho. Kwa hivyo mama wa Mishomoroni anapoambiwa "pesa zimeisha", mara nyingine hakuna aliyeiba. Zimeisha kweli, kwa sababu tuko wengi.

(Na msinielewe vibaya, sitaki wenzetu wapunguziwe. Lamu Mashariki ilihesabiwa watu 22,258 tu na wao ni eneo bunge vilevile, lakini kufikisha mwalimu na madawati visiwani kuna gharama yake.)

Uchache huu unatugombanisha. Kisauni ina Wamijikenda, Waswahili, Wabajuni, Waarabu, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wasomali, kila mtu. Orodha ya basari ikibandikwa, watu wanasoma majina wakitafuta kabila. Huyu anasema zimekwenda kwa watu wa bara, yule anasema zimekwenda kwa wenyeji, mwengine anahesabu akina Mohamed na akina John. Wanasiasa wanalipenda hilo, maana tukishikana mashati sisi kwa sisi hakuna anayeuliza sufuria iko wapi.

Basi tuiulize. Serikali kuu ndiyo yenye jukumu la shule za msingi na sekondari. Tangu elimu ya msingi ya bure ianze 2003, pesa hupelekwa shuleni kwa hesabu ya vichwa. Kiwango kilichowekwa cha msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, haifiki shilingi 4 kwa siku. Hata hamri moja hupati. Sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244, lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kukimu kiwango hicho na kwamba inayotoa ni kama 16,900. Pengo hilo ni zaidi ya elfu tano kwa kila mwanafunzi. Umeona sasa ile basari ya elfu tano inaziba shimo gani? Tunaomba kwa magoti kile ambacho kilipaswa kufika shuleni bila ya kuomba.

Kuna jambo jingine linalotuuma sisi zaidi. Kwa miaka hesabu ya vichwa ilitoka kwenye mfumo wa NEMIS, na kumsajili mtoto humo kulitakiwa cheti cha kuzaliwa. Cheti kinavuta kitambulisho cha mzazi. Na nani asiyejua hadithi ya vitambulisho Pwani? Ndugu zetu Wapemba walingoja mpaka 2023 ndipo wakatambuliwa rasmi kuwa Wakenya, na wengi wetu tumeulizwa vyeti vya babu kwa sababu ya jina tu. Mtoto wa mzazi wa aina hiyo anaweza kuwa amekaa darasani, anashika kalamu, na kwenye kompyuta ya wizara hayupo. Mwalimu anawagawia arubaini pesa za thelathini na tano. Kwa hivyo anayepigania vitambulisho anapigania chaki pia, na Katiba kifungu cha 53 imempa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima bila kuuliza kabila la baba yake.

Kaunti nayo ina lake. Kikatiba, yake ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alipoziandikia kaunti kuhusu kutoa basari za ngazi ambazo si zao, magavana walipiga kelele sana. Mimi kelele za aina hiyo ningependa kuzisikia siku ya kupanga madarasa ya chekechea ya Junda, Mjambere na Mwakirunge.

Siku hiyo ipo, na si siri. Waraka wa mipango ya fedha ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na lazima wananchi washirikishwe. Mikutano huwa siku ya kazi, asubuhi, tangazo limetolewa juzi yake, na ukumbini mnakuta wazee kumi na soda. Twendeni tuwajaze. Kabla ya hapo, kila mmoja aingie shule iliyo karibu naye, aombe kwa heshima aambiwe watoto wangapi wamo darasani na wangapi wamo kwenye mfumo wa wizara, aandike. Tukiwa na hesabu hiyo ya shule kumi tu za Kisauni, ikasomwa mbele ya mheshimiwa na ikaingia kwenye kumbukumbu za mkutano, hawezi kutujibu kwa cheki ya elfu tatu.