Ngoma Isiwe ya Wageni Tu

Imezoeleka katika shule zetu nyingi za msingi kwamba ngoma hufundishwa pale mgeni rasmi anapotarajiwa. Wanafunzi wachache wenye kipaji huchaguliwa, hufanya mazoezi kwa majuma mawili, hushangiliwa, kisha ngoma hurudishwa stoo. Waliobaki huwa watazamaji. Twaona kwamba desturi hii yafaa kuchunguzwa upya, na mfano mmoja kutoka Marekani waweza kutusaidia.

Alvin Ailey, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1931, aliunda kundi lake la dansi mjini New York mwaka 1958. Dansi yake mashuhuri, Revelations, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Imejengwa juu ya nyimbo za kiroho za watu wake na kumbukumbu za kanisa la utotoni mwake. Ailey alifariki mwaka 1989, lakini kundi lake laendelea. Tangu mwaka 1968 limekuwa likicheza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako ukumbi wa Zellerbach una viti vipatavyo 2,000.

Linalotuhusu sisi walimu si ukubwa wa ukumbi huo. Tangu mwaka 2002 imeendeshwa hapo kambi ya majuma sita wakati wa likizo ya kiangazi, bila malipo, kwa watoto wa miaka 11 hadi 14. Hujifunza baleti, dansi ya kisasa, jazi na ngoma za Afrika Magharibi, pamoja na kueleza mawazo yao kwa maneno. Lengo si kuwafanya wacheza dansi, bali kuwajengea nidhamu na kujiamini. Mwishoni, watoto hao hupanda jukwaa lile lile wanalochezea mabingwa.

Je, mwalimu asiye na ukumbi afanyeje? Katika Revelations, mto wa ubatizo huonyeshwa kwa vitambaa virefu vinavyotikiswa kukatiza jukwaa. Basi khanga mbili zatosha kuwa mto uwanjani. Kila mtoto na abuni mwendo wake wa kuvuka: kwanza mto ukiwa umefurika, kisha ukiwa umekauka. Wagawanywe katika vikundi vya watoto sita sita. Kikundi kimoja kicheze, vingine vitazame na kueleza vilichokiona. Hapo mwalimu atakuwa amefundisha ngoma, lugha na jiografia kwa pamoja.

Watakuwapo watakaosema kwamba muda hautoshi kwa sababu ya mitihani, na kwamba wenye kipaji hawana budi kuendelezwa. Ni kweli kwamba kipaji hulelewa. Hata hivyo, mwalimu wa hesabu hachagui watoto kumi hodari akawaacha wengine wapige makofi. Kwa nini basi tufanye hivyo katika ngoma? Mtoto anayeambiwa kila mwaka kwamba kazi yake ni kutazama, hatimaye huamini kwamba hana la kuonyesha, wala haamini hivyo katika ngoma peke yake.

Tunawashauri wanachuo wanaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha watenge nusu saa kwa juma kwa somo la namna hii, na wahakikishe kwamba kila mtoto darasani amecheza. Mgeni rasmi akija, atazikuta ngoma zikiendelea.