Chura ni samaki? Vile karatasi moja iliokoa wafugaji Uchina

Wasee, chukua hii picha. Uko kijijini kwenye milima ya Zhejiang, Uchina, na doo yako yote umezamisha kwa vyura. Si hawa wanatupigia kelele mtaroni mvua ikinyesha. Huyu wanamuita chura wa mawe: mnene, dume ana miiba midogo myeusi kifuani, na kwao ni vijito vya mlimani. Hotelini ni msosi wa watu wenye pesa.

Kumfuga si mchezo. Anataka maji safi, baridi, yanayotembea. Chakula nacho lazima kicheze, maanake kitu kikitulia chura hakioni kama chakula, kwa hivyo unajikuta unafuga na minyoo ya kumlisha. Halafu unangoja kama miaka miwili ndio auzike. Miaka miwili manze! Waliochomeka na kware hapa kwetu 2014 wanajua hiyo presha, na kware hangoji hata miezi miwili kutaga.

Sasa cheki. Februari 24, 2020, korona imechacha, bunge la Uchina linapiga marufuku kula wanyama pori wa nchi kavu, hata wa kufugwa. Chura je? Yuko majini, yuko nje. Wafugaji walikaa na hilo swali mpaka Mei, ndio wizara ya kilimo na idara ya misitu wakatoa notisi: chura wa mawe na wenzake wachache wahesabiwe wanyama wa majini, chini ya watu wa uvuvi. Kwa karatasi akawa binamu ya samaki, biashara ikapona.

Jamaa wa kufuga panya wa mianzi hakuwa na hiyo bahati. Yeye alifungiwa, na mkoa wa Hunan ukatangaza fidia ya yuan 75 kwa kilo.

Sababu ya kuokoa vyura? Notisi ilisema wamefugwa muda mrefu na kwa wingi. Mimi nasoma hivi: soko likishakuwa kubwa, mlango utatafutwa.

Na noma haijaisha. Kuvua wale wa porini kumekatazwa, maanake wanapungua. Lakini wa kijitoni hangojewi miaka miwili. Mtu anatoka usiku na tochi, anajaza gunia, anawachanganya na wa bwawa. Akishaingia sufuria, nani atajua alitoka wapi?