Audio isiyo na jina inaazima jina lako

Leo sina taarifa. Nina maoni yangu tu, na ninayatoa juu ya kitu kidogo ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni ao amekifunga kwenye kona ya kitenge: audio ya WhatsApp.

Pita jioni kwenye nyumba yoyote ya kuchaji simu hapa Goma. Simu zimepangwa juu ya meza, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Wenye simu hawarudi nyumbani. Wanakaa kwenye benchi, juu ya bidon, juu ya chukudu iliyoegeshwa, wanasubiri. Halafu mmoja anafungua audio, anaongeza sauti mpaka mwisho, na wote wananyamaza. Ni sauti ya mwanaume anayehema: "Wandugu, niko hapa hapa, naona kwa macho yangu. Mwenye jamaa upande huu amwambie atoke sasa hivi. Tuma kwa wote unaowapenda."

Ikiisha, sijasikia mtu akiuliza huyo ni nani. Ninasikia: "Nitumie na mimi."

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili musiseme kama ninawahubiria.

Usiku mmoja, kwenye saa nne, nilipata audio kutoka kwa mtu ninayemheshimu. Sauti ya mama, analia. Anataja barabara ninayoijua, anasema kambi moja ya wahami itashambuliwa usiku huo huo. Sikupiga simu kwa mtu hata mmoja. Sikusikiliza hata mpaka mwisho. Niliituma kwenye grupe ya familia yetu, nikaweka simu pembeni, nikalala.

Shangazi yangu anaishi katika kambi hiyo, chini ya hema ya shitingi, pamoja na wajukuu wanne. Simu yake ni ile ndogo ya vibonyezo. Kijana wa jirani, mtoto wa ukoo wetu, ndiye anayemfungulia audio za familia. Alimfungulia ile niliyotuma. Shangazi akafunga vitu vyake, akambeba mdogo mgongoni, akawashika wengine mikono, wakatoka kwenye mvua. Walitembea mpaka mjini, wakalala kwenye baraza ya kanisa.

Usiku huo hakukulia risasi hata moja. Asubuhi, watu wa kuhesabu familia kwa ajili ya jetoni za chakula wakapita kambini. Walikuta hema yake tupu, wakaandika kama hakuna mtu. Aliporudi, saa tano, walikuwa wameisha kwenda. Watu watano wakakaa mwezi mzima bila unga wao, wakila kwa kuomba majirani ambao nao hawana kitu.

Nilipoenda kumuona nilifikiri atamkasirikia yule mama aliyelia kwenye audio. Hakumtaja hata kidogo. Aliniambia: "Mwanangu, kijana alisema imetoka kwako. Wewe ni mtu wa radio, nilijua huwezi kutuma uongo."

Sikuwa na jibu. Nilimwachia pesa kidogo niliyokuwa nayo, nikaenda.

Wiki mbili baadaye nikaisikia audio ile tena, kwa motari mmoja. Mwenzake akamwambia aliisha kuisikia zamani, akiwa bado Rutshuru. Nikaomba niisikilize mpaka mwisho, jambo ambalo sikulifanya usiku ule. Kwenye sekunde za mwisho jogoo anawika, na watoto wanacheza karibu. Mimi niliipata saa nne ya usiku. Kama ningekuwa na subira ya dakika moja, shangazi yangu angelala kwake.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya desturi hii yetu, na ninaona kwamba kuna vitu viwili ambavyo wengi wetu hatuvijui.

Cha kwanza ni saa. Ukitumiwa audio, WhatsApp inakuonyesha saa ambayo imetumwa kwako. Haikuonyeshi siku ambayo mtu aliirekodi. Audio ya miaka mitatu inaweza kuingia leo asubuhi katika simu yako, na chini yake kumeandikwa saa ya leo. Mtu anaposema "sasa hivi" ndani ya audio, hiyo "sasa hivi" ni ya siku yake, labda si ya kwako.

Cha pili ni ule mshale mdogo. Mshale mmoja juu ya ujumbe maana yake aliyekutumia hakuutengeneza yeye, ameupitisha tu. Mishale miwili maana yake umepita mkono kwa mkono, mara tano ao zaidi, kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutumwa tena kwa watu wengi kwa mara moja, unautuma kwa mtu mmoja ao grupe moja, kisha unaanza upya. Waliotengeneza programu hiyo waliona hatari, wakaweka kizuizi kidogo. Lakini mtu akiihifadhi audio ndani ya simu na kuituma kama faili mpya, mshale hauonekani. Kwa hiyo mishale miwili ni onyo, lakini ukikosa kuiona, usifikiri kwamba umepona.

Na hapo ndipo ninapofika kwa neno langu la leo. Audio isiyo na jina haina nguvu peke yake. Inapata nguvu kwa kuazima jina la yule aliyeituma. Shangazi hakumwamini mama asiyemjua. Aliniamini mimi. Na kila mtu kwenye grupe ya familia ana mtu kama shangazi: bibi anayesema "mjukuu wangu amesoma," mdogo anayesema "yaya hawezi kunidanganya." Kidole kikigusa mshale, jina letu linaondoka pamoja na ile audio, na kule inakofika, sisi ndio mashahidi wake.

Wakaaji wa Goma, munakumbuka mwaka 2021. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, Nyiragongo ilipasuka. Moto ukashuka, ukaunguza nyumba upande wa Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana. Alhamisi tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi akatoa amri watu wa kartie 10 kati ya 18 za mji wahame. Amri ile ilikuwa na jina, tarehe na orodha ya kartie. Unaweza kuisifu ao kuikosoa, lakini unajua ni nani wa kumuuliza.

Wakati ule ule audio zilikuwa zinapita katika simu zetu. Moja inasema ziwa litalipuka leo jioni. Nyingine inataja saa kamili. Nyingine inasema njia ya Sake imefungwa, wakati watu wanapita. Na ubaya ni kwamba ndani yake kulikuwa kitu cha kweli. Gesi iko ndani ya maji ya chini ya Ziwa Kivu, wataalamu wanalisema miaka mingi. Mazuku tunayajua, yanaua watu na mbuzi mahali pa chini ambapo hewa haipiti. Mtu anachukua kweli hiyo, anaiongezea saa na mahali alipobuni yeye mwenyewe, na sisi tunameza vyote pamoja. Familia zilizoanza safari kwa utaratibu zikakimbia kwa hofu, watoto wakapotezana na wazazi njiani. Na mpaka leo, kila mlima unapowaka mwekundu usiku, ninatumiwa tena zile zile za 2021.

Ndugu zetu wa Beni na Butembo wana yao ya kusema, tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa, na wakati ule kulikuwa na maneno ya kusema kama ugonjwa ni biashara, kama kituo cha matunzo ni mahali pa kuua. Kuna waliofichama nyumbani na mgonjwa wao, wakaambukizana.

Ninajua mutakayonijibu, sababu munaniambia kila siku njiani. Munasema: "Wewe wa radio, munachelewa. Munasema hali ni tulivu wakati sisi tunaona watu wanapita na magodoro kichwani." Ni kweli. Kuna siku tunasubiri mkubwa fulani ajibu simu, na hajibu. Kuna siku tunajua kitu lakini hatujapata mtu wa pili wa kukihakikisha, basi tunanyamaza, na ukimya wetu unawafungulia audio mlango. Tena si kila mtu ana pesa ya mawe ya radio. Hayo ni makosa na mapungufu upande wetu, na siyafichi.

Pia sisemi tutupe audio. Shangazi hakusoma. Miaka yote, habari za binti yake zilimfikia kwa barua ambayo lazima mtu mwingine amsomee, na mambo ya nyumbani yakajulikana na jirani. Leo binti yake yuko kambini Nakivale, kule Uganda, na shangazi anasikia sauti yake kwa lugha yao wenyewe, anacheka, anamuuliza habari za mimba, anamgombeza juu ya pesa. Hiyo ni kazi nzuri ya simu, hakuna radio inayoweza kuifanya.

Lakini tazameni tofauti. Audio ya Nakivale ina mwenyewe. Shangazi anaijua sauti, anaweza kujibu, anaweza kusema "hapana, umenidanganya" na yule wa upande wa pili akaona haya. Ile ya mama anayelia, utamjibu nani?

Na musifikiri ni audio za hofu tu zenye hatari. Kuna zile tamu: "Amani imerudi, njooni mulime, msimu unapita." Kwa mtu aliyeacha shamba la maharagwe na anaishi kwa jetoni, hakuna neno tamu kuliko hilo. Anafunga mzigo, anarudi, na njiani ao shambani anaweza kukuta silaha bado ziko, ao bomu lisilolipuka limelala katikati ya mihogo. Aliyetuma alitaka kufurahisha watu.

Basi, mimi nimejiwekea sheria za nyumbani, na ninawaambia kama mtu aliyeumiza wake.

Audio isiyosema ni nani anayesema, yuko wapi na ni siku gani, inaishia kwangu. Siipitishi, hata kama aliyenitumia ni askofu. Ikiwa inanitia hofu, ninatafuta mtu mmoja ninayemjua mahali palipotajwa, na ninampigia. Unite za dakika moja zinatosha kuuliza: "Muko namna gani hapo?" Asipopatikana, ninamwambia shangazi kweli yote: "Nimesikia hivi, sijui kama ni kweli, bado ninatafuta." Yeye ni mtu mzima, amekimbia vita zaidi yangu, anajua kupima ao kutoka ao kubaki. Nilichomnyima usiku ule ni nafasi ya kupima.

Nikirekodi yangu, ninaanza kama tunavyoanza kwenye radio: mimi fulani, leo Jumanne, saa mbili asubuhi, niko Bulengo karibu na bomba la maji. Inachukua muda mfupi kuliko kusema "wandugu wapendwa." Hata ikizunguka miaka mitatu, atakayeisikia atajua si ya siku yake.

Na nikikosea, ninarudi pale pale nilipotuma na kusema nimekosea. Hili ndilo gumu kuliko yote. Sisi wote tunapenda kutuma haraka, lakini ni wachache niliowahi kusikia wakituma audio ya kusema "ile ya jana haikuwa kweli, munisamehe." Mimi niliituma kwenye grupe ya familia. Mjomba mmoja alinicheka, binamu mmoja akatoka kwenye grupe. Shangazi alinijibu kupitia yule kijana: "Tumesikia. Siku nyingine upige simu kwanza."

Sasa anamuuliza kijana kila mara, kabla hajafungua: "Ni nani anayesema? Ni yeye mwenyewe ao ameletewa?" Kijana ananiambia kwamba wamama wa hema za jirani wameanza kuuliza vilevile, na kuna jioni audio inakosa kabisa mtu wa kuijibia.

Hayo ni maoni yangu. Munaijua sauti yangu, munajua na radio iko wapi. Kama nimekosea mahali, mukuje muniambie.