Kazi Yangu ni Kuharibu, Halafu Mnaniuliza Digrii

Mtu akiniuliza nafanya wapi, najibu, "Niko kwa benki." Heshima inakuja hapo hapo. Tata yangu hata alishaanza kuniuliza kama naweza kumsukumia mkopo wa pikipiki. Shida huanza na swali la pili: "Kwa benki unafanya nini?" Nikisema najaribu programu kabla zifike kwa simu yako, sura zinabadilika.

"Yaani unabonyeza simu siku nzima na unalipwa?"

Eeh. Nabonyeza simu siku nzima na nalipwa. Si pesa ya kununua ploti, ni posho ya mwanagenzi: nauli, chakula, na kitu kidogo cha kumpa mathe. Lakini wacha niwaeleze hiyo kubonyeza ni nini, kwa sababu nimechoka kuitetea mdomoni kila Jumapili.

Mimi ni mtu wa Membley. Si zile nyumba za geti na soja, sisi tuko upande wa ploti. KCSE nilipata C, na hapa kwetu bila C+ huingii chuo kikuu moja kwa moja kusomea digrii. Mathe alikuwa ashaanza kupiga hesabu ya diploma, ndipo nikaona tangazo la uanagenzi wa mwaka mmoja kwa benki fulani. Jina naliweka mfukoni, bado nataka kula huko. Walitaka waliomaliza kidato cha nne. Kwa usaili hawakuniuliza ndoto zangu. Walinipa simu yenye fomu ya kufungua akaunti, wakaniambia, "Iharibu."

Hiyo ndiyo kazi. Chukua M-Pesa. Tangu Agosti 2023 huwezi kutuma zaidi ya shilingi 250,000 kwa mpigo mmoja. Ukiwa mjaribu, hutumi 500 ukaridhika. Unatuma 249,999. Unatuma 250,000 kamili. Unatuma 250,001. Halafu unatuma sufuri, unatuma hasi, unaandika herufi mahali pa pesa. Makosa hupenda kukaa mpakani, pale "mwisho wa" na "zaidi ya" zinagusana.

Jaribu pia mtu aliyezaliwa 29 Februari 2004. Alifika miaka 18 mwaka wa 2022, lakini mwaka huo Februari iliishia 28. Programu yako inamhesabu lini kuwa mtu mzima? Jaribu jina Ng'ang'a. Hiyo alama ndogo katikati ya jina inaweza kuangusha fomu nzima kama aliyeiandika hakuifikiria, na Kiambu hii akina Ng'ang'a hawahesabiki.

Wiki yangu ya tatu, nilijisajili kwa programu mpya na laini yangu ya 0110. Ikakataa. "Nambari si sahihi." Nikaonyesha wakubwa, mmoja akacheka akasema nambari yangu ni ya ajabu. Manze, si ya ajabu! Nambari za 01 zilianza kutolewa 2019. Ni vile tu kila mtu pale mezani alikuwa na 07 ya zamani. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo vya kutosha kuwa na laini mpya.

Lakini ile iliyonifanya niipende hii kazi ilitoka nyumbani. Mathe anauza viatu vya mtumba Ruiru. Siku moja mteja alimlipa kwa simu, mtandao ukapotea katikati, skrini ikaganda. Mteja akabonyeza tena. Pesa ikatoka mara mbili, na wakashinda hapo wakiangaliana kama wezi mpaka jioni. Kwa hivyo nilipopewa sehemu ya malipo nijaribu, sikutumia Wi-Fi ya ofisi. Niliwasha simu ya bei rahisi, nikabonyeza "Lipa", nikazima data hapo hapo, nikawasha, nikabonyeza tena.

Ilikata mara mbili.

Nilirudia mara tano ndio nisiseme uongo. Nikaandika hatua moja moja, saa, aina ya simu, picha za skrini. Walioandika hiyo programu si wajinga, wananishinda mbali. Lakini walikuwa wameijenga kwa meza yenye intaneti ambayo haipotei. Mimi natoka mahali ambapo bando huisha katikati ya sentensi.

Kama unafikiri ni vitu vidogo, muulize mtu wa Uingereza kuhusu TSB. Aprili 2018 benki hiyo ilihamisha wateja kwenda mfumo mpya ambao haukuwa umejaribiwa ukaiva. Hadi watu milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wakapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Hiyo ni bei ya kutobonyeza vizuri.

Sasa malalamiko yangu. Mkataba wangu unaisha Novemba. Juzi niliuliza nikitaka kubaki nifanye nini. Nikaambiwa kwa upole kabisa: nafasi ya kudumu ya mjaribu inahitaji digrii. Yaani mwaka mzima natosha kuzuia mteja asikatwe mara mbili, ikifika Desemba sitoshi.

Sikatai shule. Kuna siku najua kitu kimeharibika na sijui kwa nini, halafu mwenye digrii anaangalia dakika mbili anasema ni hapa. Nataka kujua hivyo pia, na nimeanza kusoma usiku. Kuna cheti cha kimataifa cha wajaribu, ISTQB: mtihani wa kwanza ni maswali 40, ukipata 26 umepita. Hawakuulizi KCSE ulipata nini.

Ninachokataa ni mlango kufungwa kwa karatasi wakati kazi yenyewe imeshaonekana. Benki za Kenya zinajua kufunza vijana waliotoka tu kidato cha nne. Equity wana mpango wa viongozi unaowapa kazi ya matawini wale waliong'ara KCSE kabla waende chuo. Ni mzuri sana, lakini ni wa waliong'ara. Na waajiri tayari hulipa NITA shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya kazini. Njia ya kufunza iko. Inakosa tu sehemu ya mwisho, ile ya kumbakisha uliyemfunza.

Pendekezo langu ni moja. Mwanagenzi akimaliza mwaka, fungueni faili la hitilafu alizopata. Ngapi zilikuwa za kweli? Ngapi zingemuumiza mteja? Mpimeni na hiyo, halafu mpeni kazi akiendelea kusoma jioni. Akishindwa, mwacheni aende.

Na wewe uliye na C yako nyumbani, ukisoma hii kwa simu yenye kioo kilichopasuka: anza leo. Programu ikikugandia, usitusi tu. Andika ulifanya nini, kwa mpangilio gani, na ulitarajia nini. Hilo ndilo faili lako la kwanza.

Mimi kesho saa kumi na moja asubuhi niko stejini. Hadi Novemba nitakuwa nabonyeza. Faili langu limefika hitilafu 63, na ile ya mathe ni nambari 14.