Fundisho la Katanga kwa Mikoa Yenye Mali

Hoja kwamba eneo lenye mali lingestawi upesi zaidi kama lisingegawana mali hiyo na wengine si ngeni katika Afrika. Mara nyingi hutolewa na watu wenye nia njema. Kwa hiyo yafaa ipimwe kwa mfano halisi, na mfano ulio karibu na Tanzania ni Katanga.

Katanga iko kusini-mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na hadi leo Kiswahili ndicho lugha ya miji yake. Kwa watu wa Ngulyati na wilaya nzima ya Bariadi, historia yake si ya mbali. Katika karne ya 19 Msiri, mfanyabiashara kutoka Usumbwa, jirani na Usukuma, alifuata huko shaba na pembe za ndovu, akajenga utawala wake Bunkeya. Mwaka 1891 aliuawa na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière kuchimba shaba ile ile.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Waziri wake wa Mambo ya Ndani alikuwa Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri. Dola hiyo ilikuwa na eneo la karibu kilomita za mraba 500,000, makao makuu Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, noti zake, stempu zake na jeshi lake. Hata hivyo, hakuna nchi hata moja iliyoitambua rasmi.

Ndani yenyewe Katanga ilikuwa imegawanyika. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama cha Tshombe, CONAKAT, kilipata viti 25 tu kati ya 60 vya Baraza la Jimbo. Waluba wa kaskazini, wafuasi wa BALUBAKAT ya Jason Sendwe, waliukataa utawala huo, wakapelekewa askari na kuchomewa vijiji. Jeshi liliongozwa na maofisa wa Kibelgiji, pamoja na mamluki kutoka Afrika Kusini, Rhodesia na Ufaransa. Fedha za kuendesha Serikali zilitoka Union Minière. Katika ardhi hiyo Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari, 1961. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliukomesha utawala huo.

Ni dhahiri basi kwamba mali haikuwa imerudi kwa wenyewe. Anayelipa mishahara ya askari na ya mawaziri ndiye mwenye nchi, hata kama bendera ni ya mwingine.

Lakini si haki kudai kwamba watu wa Katanga hawakuwa na la kulalamikia. Wanaoona mali ikitoka chini ya miguu yao huku shule na zahanati hazionekani wana haki ya kuuliza. Mkulima wa pamba wa Ngulyati analielewa jambo hilo bila kufundishwa. Anajua kwamba kumiliki shamba ni jambo moja na kupanga bei ni jambo jingine. Mpaka mpya usingempa uwezo huo, kama ambavyo haukumpa mchimbaji wa Kolwezi sauti juu ya bei ya shaba.

Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, utawala ulisogezwa karibu na wananchi bila kuivunja nchi. Hiyo ndiyo njia iliyo bora. Lakini ofisi kuwa karibu hakutoshi. Hapana budi mtumishi wa halmashauri aeleze hadharani ni ushuru kiasi gani umekusanywa na umetumika wapi, na mwalimu awafundishe vijana kuzisoma hesabu hizo na kuzihoji. Pale hesabu zinapofichwa, ndipo maneno ya akina Tshombe yanapopata wasikilizaji.