Ordinateri haikulala, iko inafagia



Tunataka kusema neno juu ya chumba cha ordinateri. Kila mmoja ameona jambo hili: mwalimu anafafanua ubaoni, sisi tunakaa mikono juu ya magoti, mashini haziguswi. Mara ventilateri inaanza kupuliza, taa ndogo ya diski inawaka-waka bila kukoma, na ukitaka kufungua ukurasa wa kuandika unangoja mpaka unachoka. Njo watu wanasema: «Imekufa hii.» Wengine: «Ni virusi, nani aliingiza kle yake?» Kwa ajili ya maneno hayo wanafunzi wawili wa ya tatu wamekatazwa kuingia humo, na tunasikia wazazi watatozwa makuta ya mashini mpya.

Sisi hatukubali, ao tuseme hatukubali kabla ya kupima.

Ordinateri isiyoguswa haikai bure. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, iko na saa yake ya usafi, nayo ni saa nane ya usiku. Saa ile inapanga diski, inapima mafaili ju ya virusi, inaangalia kama kuna matengenezo mapya, yale tunaita mise à jour. Ikiwa imezimwa saa nane, kazi haifutwi. Inangoja mashini iwashwe na iachwe kidogo bila mtu. Sasa kwetu jenereta inazimwa mapema, ju mazuti ni bei. Saa nane ya usiku ordinateri zetu haziijui hata siku moja. Basi kazi yote ya usiku inaangukia paka saa ya masomo, wakati ule mwalimu yuko ubaoni. Ni kama mzee anayefagia kanisa: ukimnyima ufunguo Jumamosi, atafagia Jumapili watu wakiimba, na vumbi litawaingia puani.

Tena diski zetu ni zile za zamani zinazozunguka. Mkono wake unaruka huku na huku yapata mara 100 kwa sekunde, si zaidi sana. Kazi tatu zikiuita pamoja, wewe unayetaka kuandika unapanga mustari nyuma yao.

Namna ya kupima ni hii. Finya pamoja Ctrl, Maj na Échap. «Gestionnaire des tâches» itafunguka. Finya juu ya neno «Disque», na ile inayokula zaidi itapanda juu. Lakini muangalie vizuri: kazi hizi zina haya. Ukigusa klavie, nyingi zinapunguza mwendo ao zinaacha kabisa. Njo maana mwalimu akiitwa kuja kuona anakuta kimya, na mwanafunzi anaonekana mwongo. Fungua dirisha lile mbele ya yote, kisha uondoe mikono dakika kumi ao zaidi, uangalie kwa macho tu. Ukisoma Windows Search, Windows Update ao Antimalware Service Executable, ni wafagiaji. Ukiona jina lisilojulikana, na «Processeur» inabaki juu saa nzima hata ukiwa unaandika, hapo tutazungumza juu ya virusi. Na virusi vya kle tunavijua sisi wote: vinaficha mafaili na kuweka raccourcis mahali pake. Wale wawili hawakuonyeshwa raccourci hata moja.

Kuna tabia moja inayotuudhi zaidi: mashini ikichelewa, mtu anakamata buto mpaka izime. Matengenezo yaliyofika katikati yanarudi nyuma, na kesho yanaanza tena. Anayekata kila siku anaufanya ugonjwa kuwa wa kila siku.

Na mega? Zikivuta zote pamoja, forfe ya shule inakwisha. Katika mipangilio ya wifi mtu anaweza kuchagua «Connexion limitée», na yale mazito mengi yatangoja siku tunayotaka sisi.

Siku hiyo tunaomba iwe Jumamosi mchana, baada ya kazi za usafi wa kiwanja. Jenereta iwashwe saa tatu nzima, connexion ifunguliwe, «Veille» iwekwe «Jamais» mashini zisisinzie, na katika «Sécurité et maintenance» mwalimu afinye «Démarrer la maintenance». Kisha mlango ufungwe. Mazuti ya saa tatu ni mali, tunajua, lakini si bei ya ordinateri. Kama baada ya Jumamosi nne kuna inayobaki mzigoni, inunuliwe diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, kabla ya kuwaita wazazi.

Na wale wawili wa ya tatu tunaomba Bwana Prefe awarudishe Jumatatu, ju mtihani wa informatike umekaribia na hawajagusa klavie tangu walipokatazwa.