Mwizi Hana Kabila, Wala Machozi Hayana Rangi

Kuna maneno matatu yanayoila nchi yetu kama mchwa alavyo boriti: "Hayo si yangu." Utayasikia stendini, utayasikia sokoni, na utayasikia ndani ya matatu wakati mama anachomolewa simu mkobani na abiria wote kwa ghafla wanageuka kutazama dirishani. Kwani huko nje kuna nini? Hakuna kitu. Ni vile tu hakuna anayetaka kuona.

Leo sitaki kuwasema wezi. Wezi wanajulikana, na mapigo ya ngeta wanayowapiga watu vichochoroni yamekwisha kuandikwa sana. Nataka kutusema sisi tunaotazama. Dai langu ni kwamba hatunyamazi kila siku, wala hatupigi kelele kila siku. Tunachagua. Kwanza tunatazama sura ya aliyeibiwa na kusikiliza lafudhi ya anayeshukiwa, kisha ndipo tunaamua kama tutakuwa simba au mabubu. Huo si woga pekee. Huo ni ubaguzi uliovaa koti la woga.

Sisi wa shule ya kutwa tunapita stendini asubuhi na jioni, kwa hivyo mengi tunajionea bila kuhadithiwa. Muhula uliopita kijana mmoja alimpokonya bibi wa Kihindi mkoba, akatokomea katikati ya magari. Bibi alianguka akachubuka magoti. Palikuwa na watu wasiopungua ishirini hapo: makanga, wapiga debe, wauza miwa na abiria. Mmoja akasema, "Si wana pesa hao? Atanunua mwingine!" Wenzake wakaangua kicheko. Aliyekuja kumwinua ni mama muuza sukuma wiki, akamkalisha juu ya kreti ya soda na kumpa maji. Mimi na mwenzangu tukamwokotea viatu na miwani. Bibi akasema kwa Kiswahili kizuri kuliko cha waliomcheka, "Pesa si kitu, mama. Humo mlikuwa na dawa za mzee wangu." Kicheko kikakatika, lakini hakuna aliyesogea.

Hebu tujiulize. Nani aliwaambia kwamba kila Mhindi ni tajiri? Na hata angekuwa tajiri, goti la tajiri halitoki damu? Tunasahau haraka mno. Makhan Singh, aliyepigania haki za wafanyakazi wa nchi hii, alikamatwa na serikali ya mkoloni mwaka 1950, asiachiliwe hadi 1961. Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi hapa Nairobi mwaka 1965. Na mwaka 2017 serikali ilitangaza rasmi kwamba Wakenya wa asili ya Kihindi ni kabila la 44 la Kenya. Karatasi imekwisha kutiwa sahihi; iliyobaki ni mioyo yetu kutia yake.

Sasa tazameni upande wa pili wa shilingi. Watu haohao waliokuwa mabubu, siku akitokea kijana wa lafudhi ya mbali akasukumana na mtu kwenye foleni, mara utasikia, "Mwizi! Hawa ndio wanatumaliza!" Loo! Mawe yatapatikana, rungu litapatikana, hata aliyekuwa na haraka ya kwenda kazini atapata nafasi ya kurusha teke. Hakuna anayeuliza ni kitu gani kilichoibwa, na ni cha nani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe kinyume chake. Kifungu cha 27 kinakataza kubagua mtu kwa sababu ya rangi au kabila. Sijaona mahali ilipoandikwa, "isipokuwa akiwa si wa kwetu."

Ugonjwa huu haukuanza jana. Mnamo tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la kupindua serikali, maduka ya Wahindi jijini Nairobi yaliporwa na familia zao zikashambuliwa majumbani. Novemba 2012 matatu ililipuliwa Eastleigh, watu wakafa. Badala ya sote kuwalilia marehemu, vijana walianza kurusha mawe kwenye nyumba na maduka ya Wasomali, wakavunja na kubeba mali. Je, aliyelipua matatu alikuwa amejificha ndani ya marobota ya nguo? Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika msako wa usalama, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Miongoni mwao walikuwamo raia wenye vitambulisho vya Kenya. Wengi wetu tulisema nini? "Hayo si yangu."

Sasa nani anafaidika? Ni mhalifu peke yake. Tunapomtazama Msomali, Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba au Mhindi kwa jicho baya, mwizi halisi anatupita kando akipiga mluzi. Yeye habagui. Akikuta mfuko wazi, hauulizi ni wa kabila gani. Ajabu ni kwamba mwizi ametushinda sisi kwa usawa!

Najua nitapingwa. Mwingine atasema, "Lakini hata wao wanatubagua." Ni kweli, wapo. Wapo wenye maduka ambao kijana mweusi akiingia, macho yao yanamfuata mpaka mlangoni, hata kama amekuja kununua daftari la hesabu. Huo nao ni ubaguzi na lazima ukemewe bila kumung'unya maneno. Lakini kosa la mwenye duka mmoja halilipwi na magoti ya bibi mwingine asiyemjua.

Mwingine atasema, "Ukisaidia, utachomwa kisu, au utaitwa shahidi kila mwezi mpaka uchoke." Huyu nampa haki yake, kwa maana visu vipo, na kesi huchukua muda. Mimi simwombi mtu apigane na jambazi mwenye kisu. Uhai ukitoka haurudi. Lakini kati ya kupigana na kutazama dirishani kuna mambo mengi. Unaweza kupaza sauti, kwa kuwa kibaka hupenda giza na kimya. Unaweza kupiga simu ya 999 au 112. Unaweza kumwinua aliyeanguka, kukumbuka nguo alizovaa mhalifu, na kusimama katikati umati unapotaka kuua, ukisema, "Mpelekeni kituoni." Hata sheria ya kuwalinda mashahidi tunayo tangu 2006. Mama wa sukuma wiki hakuwa na bunduki. Alikuwa na kikombe cha maji.

Na kama mnafikiri Wakenya hatuwezi, kumbukeni Desemba 2015. Basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na magaidi, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Baadhi yao waliwapa Wakristo mavazi yao ili wasitambulike, wakawaambia magaidi wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alikuwa miongoni mwao. Alipigwa risasi, na mwezi Januari 2016 akafariki dunia. Yeye alikuwa Mwislamu, na angeweza kusema, "Hayo si yangu," akaenda zake nyumbani kwa watoto wake. Wale waliokuwa ndani ya basi waliona abiria wenzao kabla ya kuona dini. Ikiwa mtu aliweza hayo mbele ya bunduki, sisi tunashindwaje mbele ya kibaka mwenye mikono mitupu?

Wanafunzi wenzangu, tuanzie hapa shuleni. Kalamu ikipotea darasani, jina la nani hutajwa kwanza? Mara nyingi ni la mgeni, au yule ambaye kwao ni mbali. Tukimcheka mwenzetu kwa matamshi yake, au kumpachika jina la utani la kabila lake, tunajifunza leo yale tutakayoyafanya stendini kesho. Samaki mkunje angali mbichi. Walimu wetu nao, twawaomba mtukemee tunapotaniana kwa makabila, hata kama darasa zima linacheka.

Ombi langu ni dogo. Siku utakaposikia ukemi barabarani, badilisha swali. Usiulize, "Ni mtu wa wapi?" Uliza, "Ameumia?" Jibu la swali la kwanza halimsaidii yeyote. Jibu la swali la pili litakuonyesha la kufanya. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi naongeza: kabla ya kutia maji kichwani mwako, mpe kwanza na mwenzako kikombe anywe. Wembe ni uleule, na kesho foleni inaweza kuanza na wewe.